Swichi Haina Nusu: Breki ya Mkono ya Umeme Porini

Toyota Land Cruiser 300 ilipotoka mwaka 2021, mjadala mkubwa ulikuwa juu ya injini ya V8 iliyoachwa. Wenzo wa breki ya mkono nao uliondoka, nafasi yake ikachukuliwa na swichi ya kidole kimoja, na hilo halikupata msemaji. Land Rover Defender mpya ilikuwa imetangulia, Ford Bronco ikapita njia hiyohiyo. Kwa gari la kushinda mjini sina ugomvi na swichi hiyo. Kwa gari linalouzwa kwa ahadi ya kupita matope, mito na miamba, naona kilichotolewa ni kikubwa kuliko kilichopatikana.

Katika muundo unaotumika zaidi leo, kila kalipa ya nyuma imefungiwa mota ndogo. Ukivuta swichi, mota inazungusha gia za kupunguza kasi, gia zinazungusha skrubu, skrubu inasukuma pistoni, pedi zinabana diski. Skrubu hiyo hairudi nyuma kwa kusukumwa na pistoni, hivyo umeme ukikatika breki inabaki imebana. Ni kazi ya akili, na ina jambo moja ambalo wenzo haukuwahi kuliweza. Ukiegesha diski zikiwa za moto baada ya mteremko mrefu, chuma kinasinyaa kadiri kinavyopoa na mbano unalegea. Mifumo mingi ya umeme hubana tena yenyewe baada ya dakika chache. Wenzo unamwachia dereva akumbuke.

Shida inaanzia pale breki ilipogeuzwa kuwa amri ya ndiyo au hapana. Wenzo una meno, na kati ya kuachia na kubana kabisa dereva ana nafasi ya kuchezea. Chukua gari lenye difu ya kawaida, tairi moja la nyuma limepoteza mshiko na linazunguka bure. Dereva mzoefu huvuta breki ya mkono meno mawili au matatu huku akikanyaga mafuta taratibu. Tairi lile linapata upinzani, difu inalazimika kupeleka nguvu upande wa pili, gari linatoka. Kwenye swichi hakuna meno mawili. Watengenezaji hujibu kwamba kompyuta ya kudhibiti mshiko inafanya kazi hiyohiyo kwa kubana tairi linaloteleza peke yake, na ni kweli, tena mara nyingi inaifanya vizuri kuliko mkono. Lakini husubiri tairi lianze kuteleza ndipo iingilie, na kwenye udongo wa mbuga wakati wa masika mizunguko michache ya tairi inatosha kuchimba shimo.

Kuondoka mlimani nako kumebadilika. Swichi hujiachia yenyewe ikihisi injini inavuta, mradi mkanda umefungwa na mlango umefungwa. Porini watu hufungua mlango na kuchungulia tairi la nyuma limekaa wapi kwenye jiwe. Katika magari mengi ya gia otomatiki, ukifungua mlango bila mkanda, kompyuta inadhani unashuka na inalifunga gari palepale, hata kama lilikuwa linatambaa katikati ya kazi nzito. Aliyeandika programu hiyo alifikiria maegesho ya dukani.

Zamani hapakuwa na ukamilifu, niseme wazi. Land Rover za kale zilikuwa na breki ya ngoma nyuma ya gia boksi ndogo, ikishika propela shafti badala ya magurudumu. Ilikaa juu, mbali kiasi na tope, na ilibana kweli. Ila ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki bila kufunga difu ya kati, gari lingeweza kuondoka kwenye jeki. Ndiyo maana utingo alishuka na jiwe kabla ya jambo lolote.

Land Rover Discovery 3 ya mwaka 2004 inafundisha zaidi. Hapa mota ilikuwa moja, imefungwa chini ya gari, ikivuta kebo mbili hadi kwenye breki shuu zilizo ndani ya ngoma ndogo katikati ya diski za nyuma. Tope na mchanga huingia humo na kula breki shuu. Zikilika, mota inavuta kebo kupita kiasi, inatoa mlio mkali wa kukwaruza, mwishowe inakwama na taa ya hitilafu inawaka. Breki ya kebo ya kawaida ikilika hivyo, dereva anaona wenzo unapanda juu kuliko jana, na fundi yeyote mwenye spana anaurekebisha. Swichi haimpi dereva dalili hiyo ya mapema. Hata kubadilisha pedi kwenye kalipa zenye mota kwa kawaida kunadai mashine ya kompyuta ili kurudisha pistoni.

Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 13-H inataka breki ya maegesho ishikilie gari lenye mzigo kwenye mwinuko wa asilimia 20, yaani kama digrii 11. Njia za porini zinapita hapo kirahisi. Kanuni ni moja kwa wenzo na kwa swichi, lakini kwenye wenzo dereva anaweza kuongeza jino moja.

Kinachonisumbua kuliko vyote ni betri. Gari limezimika katikati ya mto, breki imebana, umeme haupo: winchi ya mwenzako itavuta magurudumu yasiyozunguka. Kwenye kalipa nyingi zenye mota kuna njia. Kinga magurudumu kwa mawe, fungua skrubu mbili zinazoshika mota, itoe, kisha geuza shafti iliyo ndani kwa soketi hadi pedi ziachie. Sasa ifanye ukiwa umelala ndani ya maji. Discovery 3, pamoja na lawama zake zote, iliwekewa kitanzi cha dharura chini ya kisanduku cha katikati ya viti. Ukikivuta, kebo zinaachia bila umeme. Kitanzi cha namna hiyo, kinachofikiwa kutoka ndani, ndicho ninachotaka kwenye kila gari la porini lenye swichi. Jeep Wrangler ya kizazi cha JL na Ineos Grenadier zimetoka zikiwa na wenzo, kwa hiyo wanunuzi wana pa kwenda wasipopewa.