Mikono Inayopima Kina

Bahari haionyeshi yaliyo ndani yake. Mwanga wa jua humezwa katika mita mia chache za mwanzo, mawimbi ya redio hayafiki mbali chini ya maji, na setelaiti, pamoja na ustadi wake wote, huona uso tu. Chini ya uso huo kuna maji yenye kina cha wastani wa mita zipatazo 3,700, nayo hayatulii hata siku moja. Anayetaka kujua yanakokwenda hana budi kutengeneza kitu, kukitumbukiza na kukiamini. Ndiyo maana nawahesabu wataalamu wa bahari miongoni mwa mafundi, na sifa zao nazianzia karakana.

Mwaka 1955 mwanafizikia wa Uingereza, John Swallow, alikuwa akihangaika na mikondo ya kina. Ukishusha kipimo kwa waya kutoka melini, meli nayo inasukumwa na upepo na mawimbi, kiasi kwamba hujui ulichopima ni mwendo wa maji au mwendo wa meli. Swallow akaona dawa ni kifaa kisichofungwa popote: kielee katikati ya maji, kisipande wala kisigote chini, kichukuliwe na mkondo wenyewe.

Alitumia mabomba ya alumini, yale ya majukwaa ya wajenzi. Kanuni yake ni hii: kadiri unavyoshuka, maji hubanwa na kuwa mazito zaidi. Bomba nalo hubanwa, ila likiwa gumu vya kutosha hubanwa kidogo kuliko maji. Basi likianza safari likiwa zito kuliko maji kwa kiasi kidogo tu, litazama hadi mahali ambapo uzito wake unalingana na wa maji lililoyasukuma, na hapo litasimama. Kuieleza ni rahisi. Kuitenda ndiyo kazi. Ukuta wa bomba ukiwa mnene mno, linakwenda chini moja kwa moja. Ukiwa mwembamba mno, linapondwa. Swallow aliyalaza mabomba katika kostiki soda, ile ile ya watengeneza sabuni, ikayala taratibu mpaka unene aliouridhia. Kisha akarekebisha uzito wa boya zima, lenye kilo zipatazo 10, kwa gramu moja moja. Kosa dogo mezani lingelipeleka boya kwenye kina kisichotakiwa, na hakukuwa na mkono wa kulifuata huko.

Ndani yake aliweka betri na kifaa cha kutoa mlio. Melini, haidrofoni mbili, yaani vinasa sauti vya majini, zilishushwa, moja omoni na nyingine tezini, na kwa kulinganisha mlio ulifika wapi kwanza watu walijua boya liko upande gani. Kusikiliza huko kulikwenda usiku na mchana, bahari ikiwa shwari au imechafuka.

Mwaka 1957 maboya hayo yalitumbukizwa katika pwani ya mashariki ya Marekani, chini ya mkondo mkubwa wa Ghuba. Mmarekani Henry Stommel alikuwa amekokotoa kwamba chini kabisa maji yanapaswa kurudi kusini, kinyume na yale ya juu. Maboya ya kina yakaenda kusini. Miaka mitatu baadaye, kutoka Bermuda, Swallow na wenzake walitumia jahazi dogo la utafiti liitwalo Aries wakitarajia kukuta maji ya kina yakijikokota. Wakayakuta yanakwenda mara kumi au zaidi ya walivyodhani, tena yakigeuka huku na kule. Mabomba yaliyokwanguliwa kwa kostiki ndiyo yaliyoonyesha kwamba kina cha bahari kina dhoruba zake. Sijui ugunduzi mwingine wa karne iliyopita uliodai vifaa vichache hivyo na subira nyingi hivyo.

Mwaka 1964 Swallow alifika upande wetu, akiwa katika meli Discovery, kupima mkondo wa pwani ya Somalia wakati wa kusi. Manahodha wa majahazi waliujua vizuri kwa karne nyingi: wakati wa kusi unakimbia kaskazini kwa nguvu ya kutisha, na kaskazi ikishika unageuka. Wataalamu waliongeza kilichokosekana, yaani kasi yake kwa namba na jinsi nguvu hiyo inavyopungua kadiri unavyoshuka. Hawakuyafuta maarifa ya manahodha. Waliyateremsha chini ya mkuku.

Leo kizazi cha maboya yale kimejaa baharini. Mpango wa Argo, ulioanza kusambaza maboya yake karibu na mwaka 2000, una maboya yapatayo 4,000 katika bahari zote kuu. Kila moja hutulia kina cha mita 1,000 likisombwa na maji, na kila baada ya siku 10 hivi hushuka hadi mita 2,000, kisha hupanda likipima joto na chumvi njia nzima. Kupanda kwake ni uhodari mtupu: pampu husukuma mafuta kutoka ndani kwenda kwenye kibofu cha nje, boya likatanuka bila kuongezeka uzito, kama samaki anavyojinyanyua kwa kibofu chake cha hewa. Likifika juu hutuma vipimo kwa setelaiti, navyo ni bure kwa yeyote. Kwa vipimo hivyo tumejua kwa uhakika kwamba zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada linalonaswa na gesi joto limeingia baharini.

Lakini mashine haijitoshi. Kipimo cha chumvi kikikaa baharini miaka, huanza kupotoka polepole, na hapo anahitajika mtu. Wapo wataalamu ambao ajira yao ni kuketi na vipimo vya boya moja baada ya jingine, wakivilinganisha na maji ya kina ambayo karibu hayabadiliki na yaliyochotwa na meli. Nao wanategemea yule aliye sitahani akijaza chupa za sampuli. Mtazame: anaisuuza chupa mara tatu kwa maji yale yale ya kina, anaijaza na kuacha nafasi kidogo juu, kisha anafuta shingo yake ikauke kabisa, kwa sababu punje moja ya chumvi iliyoganda ikidondokea ndani itaharibu jibu. Anafanya hivyo saa tisa za usiku, chupa baada ya chupa, na jina lake huenda lisiandikwe popote. Mimi namweka daraja moja na profesa.

Katika pwani yetu kazi ya namna hii ipo, kwenye Taasisi ya Sayansi za Bahari huko Zanzibar na kwenye taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi ya Kenya huko Mombasa. Na hapa hatuwezi kuiachia Argo kazi hiyo, kwa kuwa maboya yale ni ya maji makuu. Mlango-bahari kati ya Unguja na bara ni wa maji mafupi mno kwao. Huko hupimwa kwa mashua, na kwa vipimo vya kupwa na kujaa vilivyofungwa gatini, ambavyo lazima mtu aviendee na kuvikwangua kila vinapoota viumbe vya bahari. Mtu huyo anahitaji karakana yenye vifaa na mshahara wa kumfanya abaki, na wanafunzi wa kuishika kazi kabla hajastaafu.