Ramani Pasi na Sauti

Atlasi ya Lugha za Tanzania, iliyotolewa mwaka 2009 na Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ni kitabu cha kuheshimiwa. Kabla yake tulizoea kuzitaja lugha zetu kwa kukisia. Wao wakazihesabu na kuzichorea ramani. Kibena kimewekwa panapokistahiki, Njombe, na majirani zake Kikinga cha Makete na Kipangwa cha Ludewa. Ila mpenzi wa mashairi akizifungua kurasa hizo humkuta msemaji kawa tarakimu, hamsikii akisema.

Na Kibena kina ya kusema. Tazama kitenzi. Kiswahili chetu hutosheka na -li- kwa la asubuhi ya leo na la enzi za mababu. Kibena huyapambanua yaliyopita kwa umbali wake, na msemaji hana budi kuchagua. Mwenye kumlilia maiti wa jana na mwenye kumkumbuka babu yake hawatumii kitenzi kimoja. Kwa mtunzi wa maombolezo hiyo ni zaidi ya sarufi! Michelle Morrison aliichambua lugha hiyo katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, mwaka 2011. Aliiandika kwa Kiingereza, na mwalimu wa shule ya msingi Makambako si rahisi aipate, seuze kuifaidi.

Lipo na kanisa. Walutheri wa Berlin walifika nyanda hizo mwishoni mwa karne ya 19 na kujenga Kidugala. Miaka ya karibuni shirika la SIL, kutoka Mbeya, limeshughulikia tahajia na tafsiri ya Biblia kwa lugha za eneo hilo, Kibena kikiwamo. Siidharau kazi hiyo, kwani pasipo tahajia hapana kitabu. Lakini Injili iliyotafsiriwa haiwezi kushika mahali pa wimbo wa harusi.

Serikali nayo, katika Sera ya Utamaduni ya 1997, ilihimiza lugha za jamii zitafitiwe na kuandikiwa kamusi. Ilihimiza tu. Makambako, inapokutana reli ya TAZARA na njia ya Songea, muuza viazi huamkia “kamwene” kisha akataja bei kwa Kiswahili.

Msomaji wa Unguja asidhani hayo ni ya bara pekee. Mwaka 2012 BAKIZA ilitoa kamusi za Kipemba, Kitumbatu na Kimakunduchi. Kweli, hizo ni lahaja za Kiswahili chenyewe na baraza lake lipo tayari. Kibena hakina baraza. Hata hivyo kamusi hizo zimetuonesha kwamba taasisi ndogo, iliyo karibu na wasemaji, huweza kumaliza kazi. Njombe, mkoa tangu 2012, ingeweza kuanza na kijitabu kimoja: nyimbo za Kibena ukurasa huu, Kiswahili ukurasa wa pili. Nami ningetanguliza za msibani, maana wazijuao ni wazee.