Mtoto wa Rehani

Nakala ya riwaya ya Peponi tuliyoisoma hapa Nyakasanza, mjini Bunia, Kongo mashariki, ilitoka Dar es Salaam ndani ya begi la jamaa yetu mmoja, ikapita Kampala na Mahagi, ikatufikia jalada likiwa limeanza kujikunja. Tulikuwa wanne: yaya yangu, yaani ndugu yangu mkubwa, anayeuza unga wa mihogo sokoni, mwalimu mstaafu wa Kifaransa, kijana wa jirani anayeendesha pikipiki, na mimi. Tuliisoma kwa sauti, kwa zamu, jioni uani, kwa taa ya sola. Tulipofika mwisho hatukukubaliana, na hadi leo hatujakubaliana.

Abdulrazak Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, akahamia Uingereza akiwa kijana. Riwaya hii aliiandika kwa Kiingereza, ikatoka 1994 kwa jina la Paradise na mwaka huohuo ikaingia orodha ya mwisho ya Tuzo ya Booker. Alipopewa Nobel mwaka 2021, wasomaji wengi wa Kiswahili hawakuwa na kitabu chake hata kimoja katika lugha aliyozaliwa nayo. Ida Hadjivayanis, mhadhiri wa SOAS mjini London, ndiye aliyeitafsiri, na Mkuki na Nyota wakaichapa 2022.

Kisa chenyewe hakina makuu. Yusuf, mtoto wa miaka 12, anaondoka kwao Kawa kwa treni pamoja na mfanyabiashara Aziz. Anadhani anasafiri na ndugu wa baba yake. Kumbe baba ana deni, na mtoto ndiye rehani.

Hapo ndipo ninapomvulia kofia fundi huyu. Tangu mwanzo wa kitabu Aziz anaitwa kwa jina la undugu, kwa sababu ndivyo mtoto anavyomwita, na mwandishi hatukonyezi hata mara moja. Anatuachia manukato ya mgeni, heshima yake, na sarafu anayompa mtoto kila anapokuja. Mpaka tufike dukani kwake pwani, ambako Khalil, kijana aliyewekwa rehani kabla yake, anamwambia Yusuf kwamba yule si ndugu yake, na amwite seyyid. Hakuna anayepiga yowe. Mtoto anaendelea kupima bidhaa na kulala barazani, na msomaji anabaki na lile jina mdomoni, hajui alipeleke wapi.

Kwa Kiingereza neno moja linatosha kwa mjomba na baba mdogo. Kwetu kila mmoja ana kiti chake msibani na sauti yake wakati wa mahari. Kumpa mtu jina hilo ni kumkabidhi mtoto. Yaya yangu alituomba tusimame tulipofika pale kwa Khalil. "Mutu ulimuita baba mudogo," alisema, "kumbe alikuya kuchukua deni." Akanyamaza muda mrefu, nasi tukaacha kusoma usiku ule.

Mwalimu alikuwa na lawama, na si ya kupuuzwa. Aliona safari ya Yusuf na msafara wa Aziz kwenda bara imerefushwa mno: mizigo, mbu, hongo kwa kila mtawala, wapagazi wanaokufa njiani, tena mizigo. Alitaka tuipite haraka. Mimi naona urefu ule ndio kazi yenyewe. Gurnah hataki tuone hasara kama radi. Anataka tuihesabu robota kwa robota, mtu kwa mtu, hadi msafara ulioondoka kwa ngoma na tarumbeta uwe kundi la watu waliochoka wasiotaka kutazamana. Habari kwamba baba yake amefariki inamfikia Yusuf baadaye sana, kwa maneno machache tu. Mwandishi angekuwa na haraka, maneno yale machache yasingeuma hivi.

Kisha wanafika kwa Chatu, mtawala mmoja wa bara, na hapo kijana wa pikipiki alikaa sawa. Kwa msomaji wa Unguja au Mombasa, bara ni giza wanakokwenda wasafiri. Kwetu bara ni nyumbani. Kiswahili tunachosemea uani kilifika Kongo mashariki kwa njia za misafara kama ile ya Aziz, enzi za mfanyabiashara Tippu Tip na miji ya Kasongo na Nyangwe. Chatu anawapora wageni kwa sababu wafanyabiashara waliotangulia walimdhulumu. Kijana alimtetea kwa nguvu zote, akasema huyo ndiye mtu pekee katika kitabu anayeliita deni kwa jina lake. Mwalimu akamjibu kwamba waliolipa si waliokopa. Walibishana mpaka taa ikafifia, na mwandishi hakumsaidia yeyote, maana Chatu ana haki na ana ukatili katika sura moja, kama Aziz anavyokuwa mpole na mla watu.

Ukurasa wa mwisho ndio uliotutenganisha kabisa. Mjerumani amepita na askari wake wakikamata watu. Yusuf na Khalil wamejificha dukani. Kikosi kinaondoka, mbwa wanabaki wakila kinyesi cha askari nje ya bustani, na Yusuf, anayewatazama, anageuka na kukimbia kuwafuata walewale aliojificha wasimwone. Kitabu kinaishia hapo. "Mutoto huyu iko mujinga," alisema kijana. Mwalimu alisema hapana, kwa mara ya kwanza amechagua njia mwenyewe, hata ikiwa mbaya.

Yaya hakusema mjinga wala jasiri. Mei 2003, jeshi la Uganda lilipoondoka Bunia na mauaji yakaingia mpaka parokia ya hapa Nyakasanza, alikimbia kuelekea Kasenyi nyuma ya watu asiowajua, akavuka ziwa nao. Alisema hakuchagua. Miguu iliona migongo ya watu ikaifuata, na aliyekuwa mbele yake siku hiyo alikuwa na bunduki.

Nimeurudia ukurasa ule mara nyingi tangu hapo, nikitafuta mahali Gurnah alipoweka sababu ya Yusuf kukimbia. Hakuiweka. Ameweka mbwa, na macho ya mtoto yanayochonyota.

Yaya aliomba kitabu akae nacho. Kiswahili sanifu kinampa tabu, anasoma kwa kidole, polepole, kati ya mteja na mteja. Wiki iliyopita nilipopita kwenye meza yake nilikikuta juu ya gunia, jalada jeupe kwa unga, kimefunguliwa mwanzoni kabisa, pale treni inapoondoka Kawa.