Kuhesabu Shairi na Kulisikia

Wanafunzi wengi, wapewapo shairi walichambue, huhesabu mizani, hutaja vina, huandika kwamba mstari wa mwisho umerudiwa, kisha huweka kalamu chini. Kazi hiyo si mbaya, lakini ni kama mtu aliyefika mlangoni akahesabu mbao za mlango, asiingie nyumbani. Natuingie basi. Beti hizi mbili zilitungwa na mwanafunzi mmoja wa chuo cha ualimu, juu ya mto Rupingazi upitao kando ya mji wa Embu:

Mto wetu Rupingazi, unashuka mlimani,
Hunywesha yote mizizi, ya migomba mashambani,
Wala hauna ajizi, haulali asilani,
Ukiutupia taka, utazinywa kikombeni.

Jana nimeona mama, na ndoo yake kichwani,
Mtoni akainama, akachota kwa imani,
Leo mwana ana homa, amelala kitandani,
Ukiutupia taka, utazinywa kikombeni.

Tuanze na mizani. Kila mstari una vipande viwili, na kila kipande kina mizani 8, jumla 16. Ndicho kipimo alichokipenda Muyaka bin Haji wa Mombasa katika karne ya 19, na Kaluta Amri Abedi aliziandika kanuni za utungaji katika kitabu chake cha mwaka 1954. Lakini wako watakaohesabu kipande cha kwanza wapate 7, kwa kuwa wamehesabu irabu kwa macho. Herufi m ya “mto” ni mizani kamili. Mmeru husema “muntu”, Mwembu “mundu”, na Mswahili “mtu”: irabu imeanguka, pigo lake limebaki. Kwa hiyo lugha ya mama, ambayo wengine huiona kizuizi, hapa ni mwalimu wako. Lakini m ya “migomba” imeshikamana na b, haihesabiwi peke yake. Sikio ndilo liamualo.

Sasa vina. Katika ubeti wa kwanza vina vya kati ni zi, na vya mwisho ni ni. Katika wa pili ni ma na ni. Mstari wa mwisho una ka katikati. Je, kila kina kimefanya kazi? La. Mshairi amekwisha kusema kwamba mto hauna ajizi. Kuongeza kwamba “haulali asilani” ni kulirudia neno lile lile ili kina kipatikane. Hapo kina kimekuwa bwana, na maana mtumwa. Linganisha na “akachota kwa imani”. Hilo nalo limeletwa na kina, lakini limetuonyesha moyo wa yule mama: aliuamini mto, naye hakujua yaliyotupwa juu yake. Ukiliondoa, ubeti wote hulegea.

Lililo kubwa zaidi ni marudio. Mstari wa mwisho ni kipokeo: maneno hayakubadilika hata herufi moja. Katika ubeti wa kwanza tunayapokea kama methali, onyo la haki: atupaye taka atazinywa mwenyewe. Lakini katika ubeti wa pili, ni nani aliyekunywa? Si aliyetupa. Aliyeinama kuchota ni mwingine, na aliyelala kitandani ni mtoto. Maneno yale yale, yakirudi baada ya homa, hayatutulizi tena. Yanatuuliza “wewe” huyo ni nani. Mto hushuka, na taka za mtu wa juu huingia katika kikombe cha mtu wa chini. Onyo limegeuka kuwa mashtaka, bila mshairi kuongeza neno lolote.

Hivyo ndivyo marudio mema yalivyo: maneno husimama pale pale, na maana husogea. Kama maana nayo imesimama, hayo ni kujaza nafasi tu.

Basi, mwanafunzi, utakapokutana tena na shairi, lisome kwanza kwa sauti. Kisha hesabu. Kisha, kwa kila ulichokihesabu, jiulize: kimefanya nini hapa? Anayejibu swali hilo la mwisho ndiye aliyelichambua shairi.