Sababu Yoyote Moja: Uandishi na Somo la Maarifa ya Jamii Ludara

Karatasi ya Maarifa ya Jamii katika mtihani wa kumaliza elimu ya msingi nchini Uganda ina maswali 55. Maswali 40 ya sehemu A yana alama moja moja, na jibu la kila swali huandikwa kwa neno au sentensi fupi. Maswali 15 ya sehemu B yana alama nne nne, lakini hata hizo hugawanywa katika vipengele vidogo vidogo. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na mashairi. Katika insha hii nataka kuihakiki karatasi hiyo, kwa kuwa sijui maandishi mengine yanayosomwa kwa bidii kuliko mitihani iliyopita katika shule za kwetu Ludara, wilayani Koboko.

Neno ninaloanza nalo ni dogo: "yoyote". Mara nyingi mtahiniwa huambiwa atoe sababu yoyote moja ya jambo fulani. Neno hilo linaonekana kuwa la huruma, maana linampa mtoto nafasi ya kuchagua. Hata hivyo, ndani yake mna dai zito: kwamba sababu zote ni sawa, na kila moja inaweza kusimama peke yake. Mtoto haulizwi ni ipi iliyotangulia, ipi iliyozaa nyingine, wala ipi iliyokuwa na uzito zaidi. Anaweza kuzikariri sababu zote tano bila kulielewa jambo lenyewe.

Tuchukue mfano wa nyumbani. Muhtasari wa darasa la nne unahusu wilaya yetu, wa darasa la tano Uganda, wa sita Afrika Mashariki na wa saba Afrika nzima. Mpango huu ni mzuri, kwani unaanzia mlangoni pa mtoto. Sasa mtoto wa Ludara akiuliza kwa nini Wakakwa wako Uganda, Congo na Sudan Kusini, atajibiwa nini kwa mstari mmoja? Mwaka 1894 Waingereza walimkodisha mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji eneo la Lado. Alipofariki mwaka 1909, makubaliano yakafikia mwisho, na mwaka uliofuata eneo likawekwa chini ya Sudan. Mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ikahamishiwa Uganda. Mpaka na Congo nao ulifuata mgongo wa nchi unaotenganisha maji yanayoelekea Nile na yale yanayoelekea mto Congo. Hapa historia na jiografia zimefungamana. Ukichomoa sababu "yoyote moja", umebaki na uzi bila kitambaa.

Kosa langu kubwa silitupii karatasi. Mtihani wa taifa zima una watahiniwa wengi mno, na majibu mafupi hurahisisha usahihishaji. Ninacholaumu ni kwamba somo la kila siku limeuiga mtihani. Mwalimu huandika maelezo ubaoni, wanafunzi huyanakili, kisha hujaza mapengo. Daftari linajaa maandishi, lakini hakuna hata sentensi moja ambayo mwanafunzi ameitunga mwenyewe. Kunakili si kuandika. Anayeandika hulazimika kuamua sentensi ipi itangulie, na akiandika "kwa hiyo" au "ingawa" amekwisha kutoa hoja, apende asipende.

Nililiona hili katika mazoezi ya kufundisha historia kidato cha kwanza. Niliwaomba wanafunzi wamwandikie ndugu aliye ng'ambo ya mpaka, wamweleze kwa nini wao na yeye wamekuwa raia wa nchi mbili. Siku ya kwanza nilipokea orodha: moja, mbili, tatu, nne. Niliwarudishia madaftari nikawaomba waziunganishe namba hizo ziwe aya. Kazi ilikuwa ngumu, darasa likanung'unika. Msichana mmoja alipofika kwenye habari ya mgawanyo wa maji, aliandika: "Kama walifuata maji, mbona hawakuwauliza watu?" Swali hilo hakulipata ubaoni. Lilimjia alipokuwa akitafuta sentensi ya pili.

Najua walimu watasema nini. Darasa lina watu zaidi ya sabini, nani atasahihisha? Jibu langu ni kwamba si kila andiko linahitaji kalamu nyekundu. Dakika kumi za mwisho wa kipindi zinatosha kwa aya moja. Wanafunzi wasomeane wawili wawili, na mwalimu achukue madaftari kumi leo, mengine kumi kesho.

Pingamizi la lugha ni gumu zaidi. Tangu mwaka 2007 watoto wa madarasa matatu ya kwanza hufundishwa kwa lugha ya eneo lao, kisha darasa la nne huanza kuvuka kuelekea Kiingereza, mwaka uleule wanapojifunza wilaya yao. Anayetafuta hoja na msamiati kwa wakati mmoja hukimbilia kunakili. Basi aanze kuandika kwa Kikakwa. Akifika sekondari, ambako mtaala wa mwaka 2020 umekifanya Kiswahili kuwa somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili, aandike pia kwa Kiswahili. Wazee wengi wa kwetu wanakikumbuka Kiswahili kama lugha ya askari. Kingefaa sasa kuwa lugha ambayo mtoto anaitumia kuuliza maswali.

Mtaala huo mpya unamtaka mwanafunzi aandike barua, hotuba au ripoti kuhusu tatizo la maisha halisi mwishoni mwa mada, na kazi za shuleni zina asilimia 20 ya alama za mwisho. Naupongeza. Lakini unampokea mtoto aliyekaa miaka minne akijaza mapengo, kisha unamshangaa anapoleta orodha.

Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Nikitaja chuoni kwamba natoka Koboko, jibu la neno moja hunifikia kabla sijamaliza: Amin. Hakuna anayeuliza juu ya familia zilizokimbilia Zaire na Sudan baada ya utawala wake kuanguka mwaka 1979, wala waliorudi miaka mingi baadaye wakaanza upya. Watoto wa familia hizo ndio walioketi madarasani leo, na bibi zao bado wako hai kuulizwa. Kwa wenzangu tunaojiandaa kuwa walimu, na kwa wahadhiri wanaotuandaa, ombi langu ni hili: kila mada ya Maarifa ya Jamii iwe na walau aya moja ambayo mwanafunzi ameitunga mwenyewe, na aya ya kwanza iwe ya wilaya yake.