Anarkali Hafi: Mwongozo wa Kumpima Msimuliaji wa Picha

Kuna ufundi wa mikono na kuna ufundi wa mdomo. Barazani kwetu Makadara, Mombasa, kuanzia alasiri mpaka adhana ya magharibi, kazi ya mdomo inayotaka fundi kuliko zote ni kusimulia picha. Siasa kila mtu anaiweza. Mpira pia. Lakini kumkalisha mtu na kikombe cha kahawa chungu mkononi hadi kahawa ipoe, kwa picha ya Kihindi ya mwaka 1960, hilo si la kila mmoja. Na katika kila wasimulizi kumi, wapo kadhaa ambao picha yenyewe hawajaitia machoni.

Hilo si dhambi. Enzi za sinema za Naaz, Regal na Majestic, tiketi ya mtu mmoja ililisha mtaa mzima. Aliyeingia Jumamosi, Jumapili alikuwa ni redio. Wengi wetu tumelijua jina la mwigizaji Raj Kapoor kutoka kinywani mwa kaka au mjomba, na tukalibeba kana kwamba tulikaa safu ya mbele. Shida ni kwamba ufundi ukishachanganyika na ubabaishaji, msikilizaji anatakiwa awe na mizani yake.

Basi anza kwa kuutupa ushahidi ambao si ushahidi: wimbo. Usimwamini mtu kwa kuwa anaimba. Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alizichukua tuni za Kihindi akazivisha mashairi ya Kiswahili, na harusi za Mombasa zikakesha nazo. Kuna watu Mji wa Kale wanaoweza kupiga mluzi tuni ya picha tangu mwanzo hadi mwisho, na ukiwauliza steringi ni nani watakutajia bwana harusi.

Mizani ya pili ni mpangilio. Awaara ya mwaka 1951 haianzi na mtoto kuzaliwa. Inaanzia kortini: kijana Raj ameshtakiwa kwa kutaka kumuua Jaji Raghunath, na anayesimama kumtetea ni Rita, msichana aliyelelewa na jaji huyo huyo. Jaji ni baba anayemshtaki mwanawe pasipo kujua. Ndipo hadithi inarudi nyuma. Sasa msikilize mtu wako. Akianza na "palikuwa na jaji akamfukuza mkewe mja mzito," jua hiyo aliipata kwa mjomba, kwa maana mjomba hunyoosha. Aliyeiona huanza na kizimba, kwa sababu ndicho kilichompokea alipokuwa bado anatafuta kiti gizani. Na akikwambia kwamba aliyecheza jaji ni Prithviraj, babake Raj Kapoor mwenyewe, mwongeze kahawa.

Sholay ya mwaka 1975 ndiyo inayowaumbua watu wengi zaidi, kwa kuwa ndiyo inayotajwa zaidi. Kila mtu anamwiga jambazi Gabbar. Atakaza sauti, amwite mtu wake Sambha, halafu amuulize palikuwa na watu wangapi. Kosa! Gabbar anapomwita Sambha, anamuuliza serikali imeweka zawadi kiasi gani juu ya kichwa chake. Swali la watu wangapi anaulizwa Kaalia, mmoja wa watatu waliorudi mikono mitupu. Dunia nzima imeyaunga maneno mawili yakawa moja, na anayeyaunga namna hiyo mara nyingi ameyapata kwa muigizaji wa tatu au wa nne.

Lakini Sholay ina kipimo kizuri zaidi, na hiki hakipimi kama mtu ameiona tu, kinapima kama ni fundi. Mzee Thakur anajifunika shali. Muda mrefu unamuona na shali yake, unadhani ni heshima ya mzee wa kijiji. Siku majambazi wanavamia, bunduki iko chini karibu na miguu yake, naye haiokoti. Jai na Veeru, vijana aliowakodi, wanamkasirikia: kwa nini hukutusaidia? Hapo ndipo anasimulia yaliyompata, na shali inapoanguka unaona kwamba hana mikono. Msimuliaji mbovu atakwambia katika sentensi yake ya kwanza, "kuna mzee mmoja kakatwa mikono." Amekuuzia nyumba akakuonyesha choo kwanza. Fundi ataibana siri hiyo, akutajie shali mara mbili tatu kama kitu kisicho na maana, akuache wewe uikasirikie ile bunduki isiyookotwa.

Wengine huchanganya mikono. Katika Mother India ya mwaka 1957 pia kuna mwanamume anayepoteza mikono, Shamu, mume wa Radha, nayo ilisagwa na jiwe shambani. Ya Thakur ilikatwa na Gabbar. Ukisikia jiwe limeingia kwenye Sholay, rudisha kikombe uage.

Kuhusu mwisho wa Sholay, mpe mtu nafasi. Katika ile iliyotoka kwanza kwenye sinema, polisi wanafika na Gabbar anakamatwa, kwa sababu wakaguzi wa India hawakutaka raia ajichukulie sheria. Mwisho wa awali, Thakur akimmaliza kwa miguu, ulikuja kuonekana baadaye kwenye kanda na diski. Watu wawili wanaweza kubishana mpaka isha, na wote wameiona.

Kwetu iko picha nyingine ambayo watu huisifu na kuilaani bila kuitazama, nayo ni Ar-Risala ya Moustapha Akkad, ya mwaka 1976. Anayesema eti walimuonyesha Mtume hajaiona. Mtume haonekani wala sauti yake haisikiki. Watu wanazungumza wakiikabili kamera. Anayesema ameiona, muulize aliyecheza Hamza ni nani. Akijibu Anthony Quinn, aliona ya Kiingereza. Akijibu Abdullah Gaith, aliona ya Kiarabu, kwani Akkad alipiga mbili, kila moja na waigizaji wake.

Nisiwasahau waliotazama kupitia kwa mfasiri: Lufufu kule Tanzania, DJ Afro hapa kwetu Kenya. Hao wameona, ila walichokiona kina nusu ya mfasiri. Nawahesabu kama kundi lao peke yao, na kwa kicheko hakuna anayewashinda.

Mimi mwenyewe nilikamatwa. Miaka mingi nimeisimulia Mughal-e-Azam ya K. Asif, na kila mara nilimalizia kwa Anarkali kuzikwa hai ukutani, nikishusha sauti. Siku moja mama mmoja aliyekuwa akikaanga viazi karai kando ya baraza akaweka mwiko chini.

"Mwanangu, weye hukuiona hiyo. Anarkali hafi."

Nikambishia. Nikamwambia niliiona, tena yote ya rangi. Akacheka zaidi. Ile iliyotoka mwaka 1960 karibu yote ilikuwa nyeusi na nyeupe; rangi iliwekwa kwenye sehemu chache, ukiwemo wimbo wa jumba la vioo. Ya rangi tupu ilikuja mwaka 2004. Na kweli, mfalme Akbar alikuwa na deni la ahadi kwa mama yake Anarkali. Ukuta unajengwa, lakini binti anatolewa kwa njia ya chini ya ardhi, yeye na mamake, Salim, mpenzi wake, akibaki akidhani amekufa. Niliyokuwa nikiisimulia ni ngano ya Lahore.

Nilikwenda nikaitafuta, nikaitazama. Ni dakika 197. Nawe kabla hujaja barazani kutuzikia Anarkali, zimalize zote.