Alama Sita Tu

Kuna fumbo moja la JavaScript ambalo sichoki kulitazama. Sharti lake ni kuandika programu yoyote bila kutumia herufi wala tarakimu hata moja. Unaruhusiwa mabano mraba, mabano ya kawaida, alama ya mshangao na alama ya kujumlisha. Basi.

Herufi zitatoka wapi? Zimo ndani ya lugha yenyewe. Mabano mraba matupu, [], ni orodha isiyo na kitu. Itangulizie alama ya mshangao, JavaScript itakujibu false, yaani si kweli. Jumlisha jibu hilo na orodha nyingine tupu, nalo linageuka maandishi ya herufi tano. Sasa inatakiwa namba ya kuchagulia. +[] ni 0. Ukiikanusha 0 unapata true, yaani kweli, na kweli ikitanguliwa na alama ya kujumlisha ni 1. Kwa kuwa nafasi huhesabiwa kuanzia 0, (![]+[])[+!+[]] ni a. Alama 15, herufi moja!

Neno true linakupa t, r na u. Undefined, jibu la JavaScript kwa kitu kisichokuwapo, linakupa n, d na i. Ukishapata f, l, a na t, unaita flat, kitendo ambacho kila orodha inacho, na maandishi yake huanza na neno function. Humo mna c na o, herufi zilizokuwa zimebaki ili kuunda neno constructor. Hapo mlango umefunguka: kupitia neno hilo unafikia chombo kinachogeuza maandishi yoyote kuwa programu inayotenda kazi. Hata p hupatikana, kwa kuandika 25 katika kizio cha 36. Martin Kleppe alitengeneza zana inayoyafanya yote haya yenyewe, lakini utamu uko katika kuzitafuta herufi kwa mkono.

Brendan Eich aliunda toleo la kwanza la JavaScript mwaka 1995, kwa siku 10. Tabia ya lugha hii ya kubadili aina za data kimyakimya hulaumiwa sana, na katika kazi za kila siku lawama hiyo ni ya haki. Mafundi wa fumbo hili hawakuishia kulaumu. Waliichunguza tabia hiyo kwa subira mpaka wakajua itajibu nini kila inapobanwa, na ujuzi wa namna hiyo naustahi kuliko wa kukariri maktaba nzima za msimbo.

Nawe jaribu. Fungua konsoli ya kivinjari chako, andika [][[]]+[], kisha itoe n kwa alama hizo sita.